Mpira wa kijana una saini isiyosomeka: je, ni ya kweli?

Swali: Naishi Minneapolis na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee mmoja ninayemhudumia alinionyesha mpira wa besiboli uliosainiwa na Harmon Killebrew. Jina linasomeka lote, herufi kwa herufi, hata mimi nisiyejua mchezo huo nililisoma bila kuambiwa. Wiki hiyo hiyo mwanangu wa miaka 13 alisimama kwenye ukingo wa uwanja wa Target Field mpaka mchezaji mmoja akamsainia mpira wake. Pale pana kitanzi kimoja na mstari, basi. Wenzake shuleni wamemwambia ni feki, na sasa anaona haya kuuonyesha. Je, ni feki kweli? Na kwa nini wachezaji wa siku hizi hawaandiki majina yao kama wale wa zamani? Ni shule zimeshindwa kuwafundisha, au ni dharau?

Jibu:

Dada yangu, nianze na kijana maana ndiye anayeumia. Mpira wake ni wa kweli. Aliuona mkono wa mchezaji ukiandika, na hakuna ushahidi wa saini unaoushinda huo. Sisi tunaokagua saini hukaa na lenzi na taa tukitafuta kwa taabu kile ambacho yeye alikiona kwa macho yake akiwa hatua moja tu kutoka kwenye kalamu. Wenzake wakimuuliza mbona haisomeki, awaambie kwamba kusomeka na kuwa halali ni mambo mawili tofauti. Nitafika huko.

Lakini macho yako nawe hayakukudanganya. Ukipanga mipira ya miaka ya 1960 upande mmoja na ya miaka hii upande wa pili, tofauti inaonekana kutoka mlangoni. Ni kweli kwamba zamani pia walikuwapo wenye mwandiko mbovu, na ni kweli kwamba watu hutunza vizuri zaidi kilicho kizuri, kwa hiyo tunachokiona leo kimechujwa na miaka. Hata ukiliondoa hilo, kushuka kupo. Na umebahatika, maana ulioushika mkononi ni mfano bora kuliko yote ya namna kazi hii ilivyokuwa ikifanywa.

Killebrew alizaliwa mwaka 1936 katika mji mdogo wa Payette, jimbo la Idaho. Alikuja Minnesota mwaka 1961 pale timu yake ilipohama kutoka Washington na kuwa Twins, na kwa maisha yake yote ya mchezo alivusha mpira nje ya ua mara 573. Mwaka 1984 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli kule Cooperstown. Ukienda Mall of America na watoto, upande wa michezo na bembea, inua macho ukutani: utaona kiti chekundu kimepachikwa juu peke yake. Jengo lile limesimama mahali ulipokuwa uwanja wa zamani wa Twins, na kiti hicho kinaonyesha mpira alioupiga Killebrew tarehe 3 Juni 1967 ulikoangukia. Barabara inayopita kando ya jengo inaitwa kwa jina lake. Mtu wa nguvu za namna hiyo alikuwa mpole kupita kiasi, na alikuwa mkali kwa jambo moja ambalo huenda usingelitarajia: mwandiko.

Baada ya kustaafu aliendelea kuzunguka na vijana wa Twins. Torii Hunter, aliyecheza nafasi ya kati nyuma na kuwa mmoja wa vipenzi wa Minnesota, amesimulia mara nyingi jinsi mzee huyu alivyoiona saini yake, akaikataa, akamtaka aandike upya mpaka jina lisomeke. Michael Cuddyer, mchezaji mwenzake wa Twins, naye alipitia somo hilo hilo. Hoja ya mzee ilikuwa nyepesi: umehangaika miaka yote hii kufika hapa, sasa mtu akiuokota mpira huu miaka mingi ijayo, atajuaje kuwa ulikuwa wako? Vijana hao walibadilika, na saini ya Hunter ikawa mojawapo ya zile zinazosomeka vizuri. Killebrew alipofariki Mei 2011, wengi waliomlilia hawakukumbuka tu mipigo yake. Walikumbuka namna alivyowaketisha na kalamu.

Shikilia kisa hicho, maana kinalijibu nusu ya swali lako kuhusu shule.

Shule ina sehemu yake, sikatai. Killebrew alisoma katika miaka ya 1940, wakati mtoto wa Marekani alikuwa akifundishwa mwandiko wa kuunganisha herufi kila siku. Mfumo uliotawala nusu ya kwanza ya karne ile ni ule wa Austin Palmer, uliomtaka mwanafunzi aandike kwa kusogeza mkono mzima kutoka begani, vidole vikitulia tu kuishika kalamu. Watoto walijaza kurasa za duara na mistari ya kulala kabla hata ya kuruhusiwa kuandika neno. Mkono uliozoezwa hivyo huandika haraka bila kuvunjika, na ndiyo sababu wachezaji wa enzi hizo waliweza kusaini upesi na bado jina likabaki zima. Babe Ruth mwenyewe, nyota mkubwa wa besiboli wa zamani, mtoto mtukutu wa Baltimore aliyelelewa na mabruda wa Kikatoliki katika shule ya watoto watundu ya St. Mary's, alitoka pale na mwandiko wa kupendeza. Alirusha mpira kwa mkono wa kushoto na kuupiga kwa kushoto, lakini aliandika kwa kulia, kama walivyomzoeza mabruda. Saini yake mpaka leo husomwa na mtoto.

Mafunzo hayo yalififia. Kompyuta ziliingia madarasani, na viwango vya masomo vya mwaka 2010 ambavyo majimbo mengi ya Marekani yalivipokea havikuutaja kabisa mwandiko wa kuunganisha. Baadaye majimbo kadhaa yalijuta na kuurudisha. California kwa mfano ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuufundisha tena kuanzia darasa la kwanza hadi la sita. Kwa hiyo wako wachezaji wa leo ambao mara ya kwanza kuandika jina lao kwa herufi zilizoungana ilikuwa siku walipoombwa saini.

Hata hivyo mimi siwezi kulitupia shule lawama lote, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Bryce Harper, nyota wa besiboli wa siku hizi. Huyu amezaliwa mwaka 1992, ni wa kizazi hicho hicho cha kompyuta, na saini yake inasomeka kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho; wakusanyaji wanaisifu. Ya pili ina uzito zaidi kwangu. Mchukue mchezaji mmoja, uweke saini yake ya mwaka wa kwanza kazini kando ya saini yake ya mwaka wa kumi. Mara nyingi ya kwanza ina jina zima, na ya kumi imebaki herufi mbili na mkia. Mkono ni ule ule na shule aliyosoma haikubadilika. Kilichobadilika ni mzigo aliotwishwa mkono huo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na naomba uvumilie nikieleze kwa mapana.

Enzi za Killebrew, saini iliombwa na mtu na ikapewa mtu. Mtoto alisubiri nje ya mlango wa wachezaji, au alituma barua pamoja na bahasha yenye stempu ya kurudishia majibu, na mchezaji akaandika akiwa na mtu huyo mmoja akilini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na hasa miaka ya 1980 yakaja maonyesho ya kadi na kumbukumbu za michezo. Ukumbi unakodiwa, mchezaji anaketi nyuma ya meza, foleni inazunguka ukumbi, na kila mmoja amelipia tiketi ya saini. Fedha zilikuwa nyingi kiasi kwamba zilileta kesi: mwaka 1995 Duke Snider na Willie McCovey, wakongwe wawili wanaoheshimiwa, walikiri mahakamani kwamba hawakuyatangaza kwa mamlaka ya kodi mapato waliyoyapata katika maonyesho hayo. Saini ilikuwa imeshakuwa bidhaa yenye bei.

Kisha viwanda vya kadi vikaingia. Mwaka 1990 kampuni ya Upper Deck ilimpa Reggie Jackson, nyota wa besiboli aliyekwisha kustaafu, kadi 2,500 azisaini, ikazitawanya kwenye pakiti zilizouzwa madukani, na mnunuzi mwenye bahati akaikuta ndani. Zilipendwa mno. Leo kadi yenye saini ndiyo kivutio kikuu cha biashara nzima ya kadi, na kijana ambaye hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu anasaini kwa maelfu kwa sababu wanunuzi wanabahatisha kwamba atakuja kuwa nyota. Tena si lazima aione kadi yenyewe. Anatumiwa karatasi zenye safu za stika za plastiki angavu. Anasaini stika moja baada ya nyingine, karatasi baada ya karatasi, hotelini au sebuleni kwao, kisha kiwanda kinazibandika kwenye kadi. Stika yenyewe ni ndogo kuliko kidole gumba. Utaliandikaje jina la herufi 15 kama Harmon Killebrew mahali hapo, mara elfu kadhaa, kabla ya tarehe ya mwisho ya mkataba?

Mwili una njia yake ya kujiokoa. Mkono unaorudia tendo moja mara elfu hukata kila kisicho lazima. Kwanza nukta za i huondoka, halafu herufi ndogo za katikati hulala na kuwa wimbi, halafu wimbi hunyooka na kuwa mstari. Herufi kubwa mbili za mwanzo hubaki kwa muda, kisha nazo huungana. Ukiwa na saini za mchezaji mmoja za miaka kumi mfululizo unaweza kuyaona mabadiliko hayo hatua kwa hatua. Ni uchovu uliogeuka kuwa mazoea, na mazoea hayo anakuja nayo pale ukingoni alipokuwa amesimama mwanao. Yule mchezaji hakumchorea kijana wako kitanzi kwa kumdharau. Alimchorea kile ambacho mkono wake umeshakizoea mezani.

Mazingira ya ukingoni nayo hayasaidii. Mpira wa besiboli una mzingo wa sentimita 23 hivi, umepinda kila upande, ngozi yake inateleza, na sehemu nzuri ya kuandikia ni ile nafasi nyembamba kati ya mishono. Mchezaji anaandika akiwa amesimama, mpira kiganjani, huku mikono mingine ishirini ikimsukumia vitu usoni na mazoezi yakimsubiri. Juu ya hapo, watu wengi siku hizi huwapa maka peni nene za Sharpie. Hizi zilianza kuuzwa mwaka 1964 na ni nzuri mno kwa picha na jezi, lakini kwenye ngozi ya mpira wino wake hutanuka na kuzimeza herufi ndogo. Mchezaji akijua kwamba herufi zitamezwa, haoni sababu ya kuziandika.

Pia kuna uchungu ambao mashabiki wa kweli hawauoni. Tangu minada ya mtandaoni kama eBay ilipoanza mwaka 1995, wachezaji wanavamiwa kwenye lango la hoteli na watu wazima wenye mabegi ya mipira, kila mmoja anataka saini tano, na usiku ule ule zinauzwa. Mchezaji akishatambua hilo huanza kusaini kwa mkato makusudi, ili bei ishuke au watu hao wachoke. Anayeumia ni mtoto aliyesimama nyuma yao. Hilo linanikera kuliko sababu nyingine zote, kwa kuwa hapo hakuna mtu mmoja wa kumshika shati.

Niseme jambo kuhusu wale ambao saini zao ziliharibika kwa sababu isiyo yao. Muhammad Ali, ambaye watu wetu wa Kongo hawajaacha kumsimulia tangu pambano la Kinshasa la Oktoba 1974, alikuwa na saini kubwa yenye kutiririka. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Kadiri miaka ilivyosonga saini yake ikawa ndogo, yenye kutetemeka, herufi zikibanana. Ugonjwa huo unajulikana kwa kuufinya mwandiko. Bado aliendelea kuwasainia watu. Saini ya Ali ya miaka ya mwisho haisomeki kirahisi, na mimi naiheshimu kuliko ile ya ujana wake. Kwa hiyo ukiona mstari unaotetemeka wa mzee yeyote, usikimbilie kusema amepuuza.

Sasa turudi kwenye feki, maana hapa ndipo watoto wa shule wanapokosea, na watu wazima wengi pia.

Katika miaka ya 1990, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilifanya uchunguzi mkubwa wa saini za kughushi uliopewa jina la Operation Bullpen. Oktoba 1999 maofisa walivamia maghala na nyumba kusini mwa California na kukuta mtandao uliokuwa ukitengeneza saini na kuzisambaza nchi nzima. Majina waliyoyapenda zaidi ni yale ya zamani yanayosomeka vizuri, akina Babe Ruth na Mickey Mantle, kwa sababu ndiyo yenye bei. Walifika mahali wakasaini mpira wa besiboli kwa jina la Mama Teresa. Mipira hiyo ya bandia ilikuwa na majina yaliyosomeka safi kabisa. Mnunuzi aliyeamini kwamba saini inayosomeka ni saini halali ndiye aliyekuwa mteja wao mkuu.

Mkaguzi haangalii kama jina linasomeka. Anaangalia mwendo wa kalamu. Mtu anayeandika jina lake mwenyewe hafikirii. Kalamu hugusa ngozi ikiwa tayari inakwenda na huondoka ikiwa bado inakwenda, kwa hiyo mwanzo na mwisho wa mstari huwa mwembamba. Anayeiga anachora. Anaanza kwa kusimama, anakokota taratibu, anasita kwenye kona, anainua kalamu mahali ambapo mwenye jina hainui, na wino unaacha vijidonge palipo na kusita. Halafu tunaangalia uwiano: urefu wa herufi kubwa ukilinganishwa na ndogo, mlalo, umbali kati ya majina mawili, mgandamizo wa kalamu. Na hakuna binadamu anayesaini mara mbili sawasawa. Nikizipandanisha saini mbili zikaingiana kila mahali, najua ni mashine ya kusaini au muhuri.

Utaona basi kwamba jina refu lililoandikwa lote humpa mkaguzi vitu vingi vya kupima, na kitanzi kimoja humpa vichache mno. Kwa upande huo wachezaji wa leo wametuharibia kazi, na wamejiharibia wenyewe, kwa kuwa kitanzi huigwa na mtu yeyote mwenye kalamu na saa moja ya mazoezi. Mara nyingi nimelazimika kumrudishia mtu kitu chake nikimwambia tu kwamba mistari haitoshi kusema ndiyo wala hapana. Ligi kuu ya besiboli yenyewe, baada ya ule uchunguzi wa FBI, haikuchagua njia ya kuchambua mwandiko. Mwaka 2001 ilianzisha utaratibu wa mashahidi, wengi wao askari polisi wa sasa na wastaafu, wanaosimama na kumwona mchezaji akisaini, kisha kitu kinabandikwa hologramu, yaani stika ya kung'aa isiyoigika kirahisi, yenye namba. Ni kusema kwamba ligi nayo inategemea kile kile alichonacho mwanao: jicho lililoona. Tofauti ni kwamba jicho la kijana halitoi hologramu. Akitaka siku moja kuuza, kampuni binafsi za ukaguzi zinaweza kuutazama na kutoa maoni, kwa malipo. Kwa mpira wa kumbukumbu yake mwenyewe sioni haja.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao nadhani umechangia wewe na watoto kushuku. Kwetu tunafundishwa tangu siku ya kitambulisho au ya kufungua akaunti ya benki kwamba saini nzuri ni ile isiyoigika, na wengi wetu tulijizoesha mchoro ambao hata sisi hatuusomi. Hiyo ni saini ya kulinda, ni kufuli. Saini anayopewa shabiki haina cha kulinda. Mchezaji mwenye busara hatumii kabisa ile ya benki ukingoni, anakuwa na mbili, na hii ya mashabiki haina sababu ya kufichwa. Inatakiwa iseme tu: mimi fulani, siku fulani, nilikuwa hapa na wewe ulikuwa hapa. Jina lisiposomeka, sehemu hiyo ya kwanza inapotea, na baada ya miaka ishirini hata aliyeipokea anaweza kusahau.

Ndiyo maana nasimama upande wa Killebrew. Nimeeleza mzigo wa wachezaji kwa sababu ni wa kweli na sitaki kijana wako aamini kwamba alidharauliwa. Lakini dawa ipo na haihitaji shule mpya. Mchezaji akisaini stika nusu ya zile anazosaini, kadi hazitapungua thamani, zitapanda. Akiwa ukingoni na dakika tano, ni bora awape watu kumi majina yanayosomeka kuliko kuwapa arobaini vitanzi. Wakongwe nao wana sehemu yao: Hunter hakubadilishwa na somo la darasani, alibadilishwa na mtu aliyemheshimu aliyemwambia ukweli uso kwa uso. Makocha wanaowafundisha vijana kupiga na kukimbia wangeweza kuchukua mchana mmoja kufanya vivyo hivyo. Nawaambia hili pia makocha wa riadha wa Iten na Eldoret ambao vijana wao watakimbia Boston na Chicago kesho kutwa na kuombwa saini na watu wasiojua hata namna ya kuyatamka majina yao.

Kuhusu kijana, yapo anayoweza kufanya.

Akienda tena uwanjani, awahi milango ikifunguliwa, maana wachezaji husaini zaidi kabla ya mazoezi kuwa moto. Abebe bolpeni ya buluu kwa ajili ya mpira, na maka peni aiache kwa picha. Aushike mpira ukiwa umegeuzwa, ile nafasi nyembamba kati ya mishono ikimtazama mchezaji. Amwite kwa jina, na aombe aandikiwe jina lake yeye pia: kwa fulani, kutoka kwa fulani. Wauzaji hawataki saini yenye jina la mtu kwa kuwa bei yake hushuka, kwa hiyo mchezaji akiombwa hivyo hutambua mara moja kwamba huyu ni shabiki. Hutulia. Na akishaanza kuliandika jina la mtoto, mara nyingi na lake analimalizia.

Barua bado inafanya kazi, dada, na napenda ajaribu. Aandike kwa mkono wake, ukurasa mmoja, aeleze alimwona lini na alipenda nini katika mchezo wake, aweke kadi moja tu na bahasha ya kurudishia yenye anwani yenu na stempu. Kipindi kizuri ni Februari na Machi, wakati Twins wanafanya mazoezi yao Fort Myers, Florida, na wachezaji wana nafasi mchana. Baadhi hawatajibu, na wengine hujibu baada ya miezi. Ila anayesaini akiwa ameketi, na barua ya mtoto mbele yake, huandika tofauti kabisa na aliyesimama kwenye msukumano.

Mpira alionao sasa autunze. Jua hufuta wino wa bolpeni haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo usikae dirishani. Asiupake vanishi wala dawa yoyote ya kung'arisha. Wazee wa zamani waliipaka mipira yao wakidhani wanailinda, na leo imekuwa ya njano kama chai. Asimruhusu mtu yeyote, hata kwa nia njema, kuupitishia kalamu juu ya saini ili ionekane vizuri. Na kwa kuwa jina halisomeki, achukue karatasi leo hii, kabla hajasahau, aandike jina la mchezaji, tarehe, timu iliyokuja kucheza, sehemu ya uwanja alipokuwa amesimama na nani alikuwa naye. Aambatanishe tiketi au picha kama zipo. Karatasi hiyo ikae pamoja na mpira daima.

Umwombe na mzee wako afanye hivyo hivyo kwa ule wa Killebrew, akiwa bado na kumbukumbu. Kama mkono wake hauna nguvu, yeye asimulie na kijana aandike: aliupata wapi, mwaka gani, Killebrew alimwambia nini. Mwishoni mzee aweke jina lake, kwa namna yoyote mkono utakavyoweza, na familia yake ipewe nakala.